Kuvuna Kwanza, Kupandikiza Baadaye

Neno lenyewe nililichagua mimi, na nililichagua kwa maringo. Nilikuwa nimekaa sebuleni kwetu Utemini, mjini Singida, chai imepoa pembeni, natafsiri maelezo ya watafiti wa uzazi. Walikuwa wanawatafuta wanandoa wa mikoa ya bara wasiopata watoto, wakitaka kujua watu hao wanaelewa nini daktari anapowasimulia jinsi mimba inavyoweza kuanzia maabara. Kazi yangu ilikuwa kuyaweka maneno ya kidaktari katika Kiswahili ambacho mkulima wa Ikungi angekisoma bila kumwita mjukuu wake aliyeko sekondari.

Yai la mwanamke linatolewa kwa sindano. Nikaandika "kuvuna mayai". Linakutanishwa na mbegu ya mume nje ya mwili, linatunzwa maabara kwa siku chache mpaka liwe kiinitete, yaani mimba changa kuliko zote, ndogo kuliko nukta ya kalamu. Halafu kiinitete hicho kinarudishwa tumboni mwa mama. Hapo nilisita. Rasimu yangu ya kwanza ilisema "kuhamisha", lakini kila nikilisoma neno hilo nilimwona mtumishi wa serikali aliyepewa uhamisho wa wilaya ya mbali bila posho, anafunga godoro lake kwa kamba. Nikajaribu "kuweka". Lilikuwa jepesi mno, kama mtu anayeweka sukari kwenye chai. Mwisho nikaandika "kupandikiza". Nikalisoma kwa sauti, nikalipenda, nikaenda kupasha chai yangu moto kama mtu aliyemaliza kujenga daraja.

Sijui nilisahau vipi kwamba mkoani kwetu neno hilo lina wenyewe. Mimi nimezaliwa Iramba, nimeolewa Ilongero, na katika nyumba zote mbili nimeinamia vitunguu mpaka mgongo ukakataa kunyooka. Mbegu inasiwa kitaluni, inaota imebanana kama nywele. Miche ikikomaa kidogo unaing'oa, unakwenda nayo shambani, unaichomeka mmoja mmoja kwenye udongo wenye maji. Hiyo ndiyo kupandikiza. Ukilitamka neno hilo mbele ya mwanamke yeyote wa Ilongero, mikono yake inajua la kufanya kabla ya kichwa. Lakini nilikuwa nimesoma chuo kikuu, na chuo kikuu kina uwezo mkubwa wa kumfanya mtu asahau alikotoa maneno yake.

Kuna jambo watafiti hawakulijua waliponipa kazi ile. Mimi na mume wangu tulikuwa hasa watu wa aina waliyokuwa wanaitafuta.

Mtaani kwetu mwanamke aliyeolewa huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Mimi kwa kukosa mtoto, na kwa kuonekana kila siku na mavitabu, niliitwa Mama Kamusi. Aliyeanzisha ni jirani yangu mwenye genge, na hakuwa na nia mbaya. Alihitaji tu kitu cha kuniitia niliponunua nyanya. Nililipokea jina hilo nikicheka. Nilikuwa nimejifunza kucheka kabla ya watu wengine, kama vile mtu anavyowahi kiti kwenye mkutano.

Tatizo lilikuwa mirija yangu. Ilikuwa imeziba. Mume wangu, ambaye ana mashine ya kukamua alizeti na hurudi nyumbani ananukia mashudu, alipimwa akaonekana mzima, na kwa heshima yake hakulisema jambo hilo hata mara moja tulipokuwa tukigombana. Tulikwenda Dar es Salaam kwenye kliniki. Wakavuna. Mavuno hayakuwa mengi: vikapatikana viinitete viwili vya kufaa. Kimoja kilipandikizwa, kingine kikagandishwa kwa akiba.

Kile cha kwanza nilikilalia. Daktari aliniambia niamke niende zangu, kwamba hakuna haja ya kulala. Sentensi hiyo niliijua vizuri, maana niliitafsiri mwenyewe: mgonjwa anaweza kuendelea na shughuli zake za kawaida. Lakini mtu anaweza kuitafsiri sentensi vizuri kabisa bila kuiamini. Nililala chali nyumbani kwa ndugu, miguu juu ya mito, nikiogopa hata kupiga chafya. Hakikushika. Tulirudi Singida wawili kama tulivyokwenda.

Kikabaki kimoja. Umri wangu ulikuwa umefika pale ambapo madaktari huanza kukusemesha kwa upole sana, na daktari wangu alinieleza kwa upole huo kwamba kuvuna tena hakutaleta kitu. Kwa hiyo kile kilichogandishwa ndicho kilichokuwepo. Kikishika, tuna mtoto. Kisiposhika, nitaitwa Mama Kamusi mpaka nizikwe.

"Safari hii mama ajue," mume wangu alisema.

"Kwa nini?"

"Mara ya kwanza tulikaa wawili, tukalia wawili. Ilikuwa kazi kubwa kwa watu wawili."

Mama yake, yaani mama mkwe wangu, tulimkuta bondeni Ilongero, jua limeanza kulegea, yeye na wanawake wengine wameinama kwenye majaruba ya vitunguu. Sikupanga iwe hivyo. Ningependa kumweleza tukiwa tumekaa kwenye viti, nikiwa na karatasi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kusaidia au umekuja kututazama?"

"Nimekuja na maneno, mama."

"Basi nayo yashike miche."

Tukainama. Mume wangu ndiye aliyeanza, akiwa amegeukia upande wa pili, kama mtu anayezungumza na mfereji.

"Mama, huyu mwenzangu mirija yake imeziba. Yaani ni kama mfereji. Maji yapo, shamba lipo, ila maji hayafiki."

"Si uzibuliwe?"

"Walijaribu."

"Sasa?"

Akanitazama mimi. Mimi ndiye mwenye Kiswahili cha kazi hiyo. Nikaanza kutoa maelezo yangu, kifungu kwa kifungu, kwa sauti ya mtu anayesoma.

"Kuna njia ya hospitali, mama. Kwanza wanavuna mayai."

"Wanavuna."

"Ndiyo."

"Kabla ya kupanda."

"Ndiyo, mama."

"Haya. Wakishavuna?"

"Wanayakutanisha na mbegu ya mume, halafu yanakaa kwanza maabara, yanatunzwa."

"Kitaluni."

Nilitaka kukataa. Nina shahada ambayo nusu yake ilikuwa ni kukataa mifano ya watu. "Unaweza kusema hivyo," nikasema.

"Halafu?"

"Halafu wanapandikiza."

Mkono wake ulisimama, mche umening'inia. Akalirudia neno hilo polepole, kisha akawageukia wenzake akawaambia kitu kirefu kwa Kinyaturu. Mimi ni Mnyiramba, Kinyaturu hukisikia kama redio yenye betri chovu, lakini katikati ya yale yote nilisikia "pandikiza" imekaa wazi kabisa kwa Kiswahili. Wanawake wote wakainua vichwa wakalitazama tumbo langu. Lilikuwa ni jicho la kikazi, la watu wanaokagua jaruba kama limelainika.

"Mna miche mingapi?" mama mkwe akauliza.

"Mmoja, mama."

"Mmoja?"

"Mmoja tu."

"Mtu anapandikiza mche mmoja?"

Hakuwa anatania na hakuwa anatusimanga. Alikuwa mkulima anayejua kwamba kwenye jaruba zima ipo itakayokufa, ndiyo maana jaruba hupandwa zima. Aliuchomeka mche wake, akaukandamiza kwa kidole gumba, akanyooka.

"Uko wapi sasa hivi?"

"Dar es Salaam. Umegandishwa."

"Kwenye friji."

"Kitu kama friji."

"Na umeme ukikatika?"

Nilimweleza kwamba chombo kile hakitegemei umeme, kwamba kina kimiminika chenye baridi kali kuliko barafu yoyote aliyowahi kuiona. Alinisikiliza kwa adabu. Tangu siku hiyo, kila umeme ulipokatika Ilongero, simu yangu iliita.

"Huko nako umekatika?"

"Utemini upo, mama."

"Siulizi Utemini."

Siku ya kwenda ilipokaribia alitangaza kwamba anakuja nasi. Mume wangu alijaribu kumweleza urefu wa safari.

"Lini umewahi kuona mtu anapandikiza peke yake?" mama yake akamuuliza, na mazungumzo yakaishia hapo.

Tukapanda basi hadi Dodoma, kisha treni ya umeme hadi Dar es Salaam. Mama mkwe alikaa dirishani, mkoba mapajani, na ndani ya mkoba kulikuwa na dumu dogo la maji ya kisima chake, yaliyochemshwa na kupoa. Mche ukishaingia ardhini, alisema, humwagiwa maji palepale, na hakuwa na imani na maji ya Dar es Salaam. Nikamwambia kwa ukali kidogo kwamba hospitali si shamba, na kwamba hakuna mahali popote katika maelezo yale paliposema nimwagiwe maji.

Asubuhi yake nesi aliniita pembeni. "Dada, tunakuandaa. Kunywa maji mengi, kibofu kijae, tuone vizuri kwenye kipimo."

Mama mkwe alifungua mkoba. Nikayanywa maji ya Ilongero, yenye ile chumvi yake ambayo watu wa kwetu hawaisikii tena, kikombe baada ya kikombe, mbele ya wanawake wenye chupa za dukani, naye akinitazama kama mtu anayeona sheria ikifuatwa.

Kupandikizwa kwenyewe hakukuchukua muda. Nilitazama kioo cha mashine kando ya kitanda: kijivu, kijivu, kijivu, halafu mrija mwembamba, halafu nukta nyeupe iliyowaka na kutulia.

"Tayari," daktari akasema. Alikuwa mwanamke mdogo kwangu, mwenye miwani na sauti ya kutuliza. "Unaweza kuamka."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Nenda chooni kwanza, maskini, na maji yote yale."

Nikatoka kwa miguu yangu. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni ameshika kanga iliyokunjuliwa, nadhani kwa ajili ya kunifunika nikiwa kwenye machela. Alinitazama miguuni, kisha akamtazama daktari aliyekuwa nyuma yangu.

"Shikamoo mama," daktari akasema.

"Marahaba. Umempandikiza?"

"Ndiyo mama, imekwenda vizuri."

"Na unamwachia atembee."

"Anaruhusiwa. Jambo hilo watafiti wameshalitazama, mama. Wamewalinganisha wanaolala na wanaoamka, na kulala hakukuwasaidia. Hakidondoki. Tumbo la uzazi siyo mfuko uliotoboka."

"Daktari, umewahi kupandikiza kitunguu?"

"Hapana, mama. Sisi kwetu ni migomba."

"Migomba," mama mkwe akasema. "Hiyo hata ukiitupa jalalani inaota."

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimesimama katikati yao, nimebana mapaja kama mtu aliyebeba yai kwa magoti, nikijua kwamba daktari yuko sahihi na bado nikitamani ile machela.

Tuliporudi Utemini, mama mkwe hakuendelea Ilongero. Alishusha mkoba wake kwenye chumba chetu cha wageni, akatundika kanga mbili kwenye dirisha la chumba changu ili jua lisinifikie, akaagiza nipewe maji kidogo kidogo kila mara, na akamkataza mume wangu kuwasha redio ya mpira. Nikalala siku ya kwanza. Siku ya pili nikakumbuka mara ya kwanza, jinsi nilivyolala kwa uaminifu na jinsi ulalaji huo ulivyonilipa, nikaketi.

"Mama, daktari amesema nitembee."

"Na wewe uliandika kupandikiza."

"Lilikuwa neno tu, mama."

"Kama ni neno tu, kwa nini walikulipa?"

Sijawahi kupata jibu la swali hilo, na nimelipeleka hata kwa wataalamu wa tafsiri. Siku ile nilijaribu njia nyingine.

"Miche inapandikizwa saa ngapi?" nikamuuliza.

"Jioni. Jua likishapoa."

"Basi mimi nitembee jioni. Mchana nitakaa kivulini kama unavyotaka, jioni nitatembea kama daktari anavyotaka."

Alifikiri. Niliona kwamba hoja hiyo ilimgusa mahali, maana ilikuwa imevaa nguo za kwake. "Tutatembea wote," akasema. "Na mwamvuli."

Hivyo ndivyo Utemini ilivyopata kuniona nikitembezwa, jua linazama, hakuna wingu, mama mkwe kanishika kiwiko kwa mkono mmoja na kwa mwingine kanifunika mwamvuli mweusi wa kanisani. Tulikwenda taratibu kama watu wanaobeba kabati. Tulipofika gengeni, jirani yangu alikuwa anapanga vitunguu mafungu.

"Mama Kamusi, mvua iko wapi?"

"Haipo," nikasema, na nikaanza kutunga sababu. Nilikuwa nimeficha habari hii miaka yote. Nina sababu nyingi zilizokaa tayari. Nilikuwa nimeshafika kwenye ile ya macho yangu kutopenda mwanga mkali, mama mkwe aliponikatiza.

"Kuna kitu kimepandikizwa," alimwambia jirani, kwa sauti ileile ambayo angesema kuna chungu jikoni.

Nilitamani mwamvuli ushuke unifunike mpaka miguuni. Jirani yangu aliuacha mkono wake juu ya fungu la vitunguu. Alinitazama usoni, si tumboni.

"Lini?"

"Juzi."

"Basi msipite na huku kwenye mashimo, mama. Zungukieni kwa fundi seremala, kule ni tambarare."

Ni hayo tu aliyosema. Kesho yake tulipopita, shimo kubwa mbele ya genge lake lilikuwa limejazwa majivu na vipande vya matofali. Hakuna aliyesema limejazwa na nani, nami sikuuliza. Nilikuwa nimetumia miaka kujenga ukuta wa vichekesho kati yangu na mtaa huu, na mama mkwe alikuwa ameupitia kwa sentensi moja isiyokuwa na hata neno gumu.

Halafu, kabla ya siku ya kupima, asubuhi moja niliona damu. Ilikuwa kidogo, ya rangi ya kahawia, lakini mara ya kwanza nayo ilianza hivyohivyo. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda nikampigia daktari.

"Inaweza kuwa chochote," akasema. "Wengine huona hivyo na mimba ipo, wengine hapana. Siwezi kukudanganya. Endelea na dawa, usiache hata moja. Tusubiri kipimo."

Nikakata simu. Mama mkwe alikuwa mlangoni na kikombe cha maji.

"Rangi gani?"

"Ya kahawia."

Aliketi kando yangu, akakiweka kikombe sakafuni.

"Mche ukihamishwa unalala kwanza," akasema. "Ukienda kesho yake unaukuta umelegea, umelala chini kabisa. Mtu asiyejua anasema umekufa, anaung'oa."

"Na kama umekufa kweli, mama?"

"Basi umekufa. Ila leo hujui."

Kama elimu ya mimea, maneno yake yalikuwa sahihi. Kama elimu ya uzazi, hayakuwa na maana yoyote: kiinitete hakina majani ya kulegea. Ningeweza kumweleza kwa njia tatu au nne kwa nini mfano huo haukai, na zamani ningefanya hivyo, maana kuharibu mfano wa mtu ni kazi ninayoiweza vizuri. Lakini nilikuwa nimetoka kumsikia daktari, mwenye vipimo na vitabu vyote, akiniambia jambo hilohilo: leo hujui, usiache. Watu wawili wanaojua kazi zao, ambao wasingekubaliana hata juu ya mgomba, walikuwa wamekubaliana juu yangu. Nikanywa maji. Jioni ilipofika nikavaa viatu mwenyewe.

"Unakwenda wapi?" mama mkwe akauliza.

"Kutembea. Lete mwamvuli."

Nataka niseme kwamba kuanzia jioni ile sikuogopa. Niliogopa sana. Lakini nilikuwa nimechoka kuogopa nikiwa nimelala, na niligundua kwamba hofu ikitembezwa barabarani inapungua sauti, hasa ikiwa imeshikwa kiwiko.

Kipimo kilikuwa cha damu. Nilikwenda maabara moja mjini nikatoa, nikaambiwa majibu ni mchana, nikarudi nyumbani kwa sababu sikutaka kuyapokea mbele ya watu wanaosubiri majibu ya malaria. Mume wangu alisema atayafuata yeye. Tukakaa chumbani, mimi na mama yake, chini ya kivuli chekundu cha zile kanga. Yeye alikuwa anachambua mbegu za vitunguu kwenye ungo. Nilihesabu kwamba hakuna hata moja aliyoitoa. Alikuwa anazizungusha tu.

Mume wangu aliingia bila kubisha. Alikuwa ametoka mashineni moja kwa moja, mikono ina mafuta, karatasi imeshaloa pembeni.

"Chanya," akasema.

Mama yake akamtazama, kisha akanitazama mimi.

"Chanya ndiyo nini?"

Lilikuwa swali langu hilo. Mimi ndiye Mama Kamusi. Mimi ndiye niliyelipwa kuyafanya maneno ya hospitali yaingie katika masikio ya watu wa Ilongero. Nilifungua kinywa. Maneno yote niliyosoma, niliyoandika na niliyoyafuta kwa ajili ya maneno mazuri zaidi yalikuwa yameondoka mjini, yameniacha na ulimi mkavu na macho yaliyojaa. Nilitikisa kichwa tu, na hata kichwa sikukitikisa vizuri, maana hakuelewa kama ni ndiyo au hapana.

Akauweka ungo chini.

"Imeshika?" akauliza.

Watu wa vitunguu hawana neno jingine. Unakwenda bondeni asubuhi baada ya siku kadhaa, unauvuta mche kidogo sana kwa ncha za vidole, na kama unakataa kutoka, umeshika. Na mimba nayo hushika. Maisha yangu yote nilikuwa nimeyasikia maneno hayo mawili bila kugundua kwamba ni moja.

"Imeshika, mama," nikasema.

"Haya."

Hakunikumbatia. Vigelegele navyo alivitunza mpaka siku nyingine. Aliinuka, akaenda dirishani, akaanza kuzing'oa zile kanga alizotundika, moja baada ya nyingine. Mwanga wa mchana wa Singida ukaingia chumbani wote kwa pamoja, mkali, mweupe, ukanipiga usoni. Mume wangu alitaka kumzuia, alidhani mama yake amechanganyikiwa kwa furaha.

"Mama, si ulisema asipigwe jua?"

"Hiyo ilikuwa kabla," akasema, akizikunja kanga zake. "Ukishashika unataka jua."

Binti yetu sasa anakimbia. Mtaani naitwa kwa jina lake, ambalo sitaliandika hapa, ingawa jirani yangu wa gengeni bado huniita Mama Kamusi anapotaka kuniuzia nyanya zilizolala. Mama mkwe hajawahi kuificha habari ya mtoto huyu alivyopatikana. Kwenye mkutano wa akina mama kanisani aliwahi kuulizwa kama si kumwingilia Mungu kazi yake. Akauliza kama kati yao kuna anayekula vitunguu. Baada ya mkutano wanawake wawili walimfuata pembeni, wakataka kujua kliniki iko wapi, naye akawaelekeza kwangu.

Mwaka jana watafiti waliniandikia. Walikuwa wanayarekebisha maelezo, na waliona kwamba baadhi ya washiriki wa vijijini wanalihusisha neno "kupandikiza" na kilimo, jambo linaloweza kuwaletea matarajio yasiyo sahihi kuhusu kupumzika, maji, kivuli na kadhalika. Wakaniuliza kama "kuhamisha" lisingekuwa bora zaidi. Nililifikiria swali lao. Hoja yao ilikuwa ya haki; mimi mwenyewe nililala kivulini kwa sababu ya neno hilo. Nikaongeza mstari mmoja unaosema wazi zaidi kwamba mama anaweza kuamka na kutembea mara moja, kwa kuwa huo ndio ukweli na watu wanastahili kuupata. Neno lenyewe nikaliacha lilivyo. Niliwajibu kwamba nimelijaribu.

Jumamosi iliyopita tulikwenda Ilongero. Mama mkwe alikuwa amesia kitalu kipya, kimeota kijani kimoja, kimebanana vizuri. Kabla sijamaliza kusema shikamoo, binti yetu alikuwa ameshapita katikati yake na viatu vyake vya mjini, akarudi, akapita tena. Nilipiga hatua kumfuata. Nilijua kitalu kile ni kazi ya kiasi gani, na nimewahi kumwona mama mkwe akimfukuza mwenyekiti wa kijiji kwa kuegesha baiskeli karibu nacho.

Alinishika kiwiko, vilevile kama zamani.

"Mwache," akasema. "Hiyo tutasia tena."